Gundi angavu za kadi na albamu: uliza wino kwanza, mng'ao baadaye

Wanaoanza kutengeneza kadi na albamu za kumbukumbu huniuliza gundi ipi inang'aa zaidi. Siku ya kwanza zote zinang'aa. Tone la gundi nyeupe lililokauka vizuri juu ya jina la bibi harusi linang'aa, rangi ya kucha inang'aa, rezini (plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu kama kioo) inazishinda zote. Tofauti hujitokeza baadaye: wino umevuja, karatasi imejikunja kama jani la mgomba lililokauka, tone limegeuka njano, au kurasa mbili zimeng'ang'aniana. Ndiyo maana hapa nalinganisha kwa kuangalia mambo matatu: wino ulioko chini, joto na unyevu wa mahali unapoishi, na kama kazi yenyewe itafungwa kama kitabu au itasimama wazi kama kadi. Mng'ao nauweka mwisho.

Gundi ninazozisema ni zile zinazofanya kazi mbili. Zinashikisha kitu, mfano shanga, kipande cha kioo au glita, na zikiachwa juu ya karatasi zinakauka zikawa wazi na ngumu, zikatuna kidogo kama tone la maji lililogoma kuanguka.

Zilizopo madukani

Ya kwanza ni gundi nyeupe, inayouzwa kila steshenari, na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi huitwa gundi ya mbao. Malighafi yake kuu ni polivinili asetati, iliyogunduliwa Ujerumani na Fritz Klatte mwaka 1912. Ndani ya chupa ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea kwenye maji. Mwanga ukizipiga unatawanyika, ndipo unapouona weupe. Maji yakiondoka chembe zinasogeleana na kuungana, weupe unapotea. Usiichanganye na gundi ya maji ya ofisini, ile yenye rangi ya asali na mpira mdomoni. Hiyo ni angavu tangu mwanzo, lakini haitengenezi tone lililotuna, na kidole chenye jasho kinatosha kuifanya inate upya.

Kundi la pili ni gundi za kung'arisha zilizotengenezwa makusudi kwa kazi za karatasi. Utakazokutana nazo zaidi ni Glossy Accents ya Ranger, Diamond Glaze ya JudiKins na Dimensional Magic ya chapa ya Mod Podge, zote za Marekani. (Mod Podge yenyewe ilianzishwa na Jan Wetstone mwaka 1967, na ndiyo iliyowazoesha watu wazo la chupa moja kuwa gundi na vanishi kwa pamoja.) Zote tatu ni za maji, na zote utazipata kwenye kichupa cha mililita 59 chenye mdomo mwembamba. Diamond Glaze ni nyepesi na hutiririka. Unaweza kuichanganya na rangi za maji ukapata kitu kinachofanana na kioo cha rangi. Glossy Accents ni nzito kidogo, inakaa pale ulipoiweka. Dimensional Magic hutoka na weupe wa maziwa, usishtuke, huondoka ikikauka.

Kundi la tatu ni za kubuni nyumbani: rangi ya kucha isiyo na rangi, na vanishi ya mbao. La nne ni rezini, ama epoksi ya chupa mbili unazochanganya, ama ile inayokaushwa kwa taa kama ya kucha za jeli.

Supa gluu siihesabu. Inashika, ndiyo, lakini mvuke wake huacha ukungu mweupe pembeni mwa kitu ulichobandika, na ikikauka inavunjika kama ganda.

Wino ulioko chini

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Mimi hutumia kanuni moja: kama kinachoibeba gundi kinafanana na kilichoubeba wino, wino utaamka. Printa nyingi za nyumbani hutumia wino wa maji. Ukimimina juu yake gundi nyeupe au Glossy Accents, maji ya gundi yanaukuta wino na kuuchukua. Jeusi linageuka zambarau pembeni, jekundu linatambaa. Unaweza usilione wakati huo huo. Wakati mwingine madhara hujitokeza baada ya saa moja, tone likiwa bado bichi katikati.

Printa ya leza na mashine ya fotokopi ni habari nyingine kabisa. Wino wake ni unga wa plastiki ulioyeyushwa kwa joto ukagandamana na karatasi. Maji hayaufanyi chochote. Basi kama umepamba jina kwenye kompyuta na unataka kulifunika kwa gundi ya maji, dawa rahisi na ya bei nafuu ni kwenda steshenari ukalichapisha kwa leza, au ukalitoa fotokopi ya rangi. Nimeona watu wakinunua gundi ya bei mbaya kutibu tatizo ambalo karatasi moja ya fotokopi ingelimaliza.

Rangi ya kucha inageuza mambo yote hayo. Haibebwi na maji, inabebwa na viyeyushi kama ethili asetati na butili asetati. Wino wa maji wa printa ya nyumbani mara nyingi utavumilia mguso wake, lakini unga wa leza unaweza kulainika na kuchafuka ukipitisha brashi, kalamu ya biki inavuja rangi ya samawati, na maka peni ya kudumu, ambayo wengi huiamini kwa sababu ya jina lake, ndiyo inayokimbia mbele ya zote. Penseli haiguswi na gundi ya maji wala rangi ya kucha. Kitu kingine: rangi ya kucha inapenya karatasi nyembamba na kuifanya ionyeshe upande wa pili, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Ukiiweka juu ya picha iliyokatwa gazetini, maandishi ya nyuma yatajitokeza usoni mwa mtu.

Jaribio ni rahisi. Chukua kipande kilichobaki cha karatasi ile ile, chora mistari miwili kwa kila kalamu utakayotumia, pamoja na kipande kilichotoka kwenye printa, uviache vikauke saa nzima. Mstari wa kwanza upitishie kidole chenye maji. Wa pili upitishie pamba yenye spiriti au dawa ya kutolea rangi ya kucha. Unaotembea na maji, usiufunike kwa gundi nyeupe wala zile za chapa kama Glossy Accents. Unaotembea na spiriti, usiufunike kwa rangi ya kucha wala vanishi. Unaotembea na vyote viwili, badilisha kalamu.

Albamu iliyojifunga yenyewe

Niliwahi kumtengenezea binti wa dada yangu albamu ya harusi. Ilikuwa Machi, Dar es Salaam, joto la kaskazi bado halijaondoka na masika yakianza kubisha hodi. Niliweka matone ya gundi nyeupe juu ya majina yao na juu ya glita, ukurasa wa kushoto na wa kulia. Niliyaacha siku mbili. Yalikuwa makavu, magumu, mazuri. Nikafunga albamu, nikaiweka kwenye boksi lake.

Wiki tatu baadaye akanipigia simu. "Mamdogo, kurasa zimeshikana. Nivute au nisivute?"

Nikamwambia asivute. Alipoileta, mdomo wa albamu ulifunguka kidogo tu, kisha ukakataa, jina lake limelala juu ya jina la mumewe na kushikana nalo.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye, nami naieleza kwa sababu mafunzo mengi ya video yanatoka nchi za baridi na hayaitaji. Polivinili asetati ina kiwango cha joto ambacho chini yake ni ngumu kama kioo, na juu yake inalainika kama mpira. Kiwango hicho kipo karibu na nyuzi 30 hadi 40 za Selsiasi kwa plastiki tupu. Watengenezaji wa gundi huongeza vilainishi ili isipasuke, na vilainishi hivyo hukishusha kiwango hicho zaidi. Unyevu wa hewa nao unalainisha. Chumba cha nyuzi 20 kule London kinaiacha gundi ile ile ikiwa ngumu mwaka mzima. Chumba cha Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, mwezi Februari mchana, kinaifanya ikumbuke kwamba ni gundi. Ukiikandamiza dhidi ya gundi nyingine kwa wiki tatu, zinaungana.

Tuliiokoa kwa baridi. Niliifunga albamu vizuri ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, nikaiweka kwenye friza usiku mzima. Gundi ikakakamaa, na kurasa zikaachana polepole kwa kisu butu cha siagi. Plastiki sikuifungua mpaka albamu iliporudi kwenye joto la chumba, kwa sababu karatasi baridi ikikutana na hewa ya pwani inaloa jasho. Majina mawili yalipoteza glita. Picha zote zilipona.

Kwa hiyo kwa albamu inayofungwa, gundi nyeupe iliyotuna mimi siiweki tena juu ya ukurasa unaotazamana na mwingine. Gundi za chapa zinavumilia zaidi, kwangu zimekuwa ngumu kuliko gundi nyeupe hata siku za joto, lakini nazo ni za maji na sizipi imani yote. Diamond Glaze, kwa mfano, ikidondokewa na maji inaingia ukungu. Kabla sijaamua, natengeneza vipande viwili, naviacha vikauke siku tatu, kisha navilaza uso kwa uso chini ya kitabu kizito usiku kucha. Vikiachana kimyakimya, naitumia. Vikitoa mlio wa kubanduka, hata mdogo, hiyo gundi itafanya kazi ya kadi tu.

Njia mbili nyingine zimenisaidia. Tone liwe ndani ya fremu: kata manila tabaka mbili au tatu, zibandike kuzunguka pambo ili ukurasa wa pili uegemee fremu badala ya tone. Au weka karatasi ya kuokea keki kati ya kurasa, iliyokatwa kwa kipimo cha albamu. Gundi haiishiki.

Unene, viputo na karatasi kujikunja

Gundi nyeupe inasinyaa. Karibu nusu ya kilichomo chupani ni maji, na kwenye gundi nyepesi za shule zaidi ya hapo. Tone ulilolimimina likiwa limetuna litakauka likiwa bapa, pengine na shimo katikati. Utahitaji tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke kabisa, la sivyo weupe unabaki umefungiwa chini. Gundi za chapa nazo zinasinyaa, lakini tone la Glossy Accents lililofika ukingoni hubaki limetuna kwa mara moja tu. Epoksi haina maji ya kupoteza; unachomimina ndicho utakachokipata.

Siri ya tone lililotuna ni ukingo. Kata umbo kwanza, kisha anza kumimina pembeni ukizunguka, katikati umalizie. Gundi inasimama kwenye ukingo uliokatwa kwa sababu uso wake unajivuta, kama maji yaliyojaa kikombe hadi kupita mdomo bila kumwagika. Ukimimina katikati ya karatasi kubwa hakuna kinachoizuia, itatambaa.

Usitikise chupa. Hilo ni la gundi zote. Viputo ulivyovitengeneza kwa sekunde mbili utavitafuta kwa sindano kwa dakika kumi. Iweke chupa kichwa chini ndani ya kikombe muda mfupi kabla ya kazi ili gundi ishuke mdomoni, na tone la kwanza litoe kwenye karatasi ya kutupa. Mdomo ukiziba, uzibue kwa pini lakini usiiache pini humo. Pini ya chuma cha kawaida inashika kutu ndani ya gundi ya maji, na tone litakalofuata litatoka na mstari wa kahawia. Feni na mashine ya kukaushia nywele ziwe mbali: zinakausha ngozi ya juu, maji ya chini yanakosa njia, yanachemka viputo. Mimi nafunika kazi kwa beseni lililoinuliwa upande mmoja kwa kalamu, vumbi lisiingie, hewa ipite, naenda kulala.

Karatasi ya printa ya gramu 80 itajikunja na gundi yoyote ya maji, kwa sababu nyuzi za upande uliolowa zinavimba na za upande mwingine hazijavimba. Ibandike kwanza juu ya manila nzito, ikauke, ndipo uing'arishe. Rangi ya kucha na rezini hazikunji karatasi namna hiyo.

Kushikisha

Kwa kazi ya kubandika tu, bila kufunika, gundi za chapa zinashinda pale ambapo gundi yenyewe itaonekana: kipande cha kioo juu ya picha, shanga zinazopitisha mwanga, kitufe cha plastiki angavu. Gundi nyeupe nayo inaweza, ila inahitaji njia ya kutolea maji. Kioo juu ya karatasi kitakauka kwa sababu karatasi inanyonya. Kioo juu ya picha iliyofanyiwa laminesheni hakitakauka katikati hata ungoje mwezi. Weupe utaubaini kila ukikiinua kwenye mwanga. Rangi ya kucha si gundi ya kutegemea kwa kitu chenye uzito.

Rezini

Hii naisema kwa haraka kwa sababu kwa karatasi nyingi haihitajiki. Inatoa mng'ao wa kina ambao hakuna gundi ya maji inayoufikia, na kwa hereni za karatasi, vishikizo vya funguo au alama za vitabu ni nzuri sana. Lakini ikikutana na karatasi iliyo wazi inaingia ndani na kuacha doa kama la mafuta. Ile ya taa ina hatari zaidi: iliyozama kwenye nyuzi mwanga hauifikii, inabaki mbichi humo. Kwa hiyo karatasi inazibwa kwanza kwa tabaka mbili nyembamba za gundi nyeupe, mbele, nyuma na kwenye kingo, zikauke kabisa. Hapo gundi ya bei ndogo inafanya kazi ambayo rezini ya bei kubwa haiwezi kujifanyia.

Epoksi huhitaji kipimo sahihi cha chupa mbili na kwa kawaida siku moja hadi tatu kukomaa. Ikikosewa kipimo inabaki inanata milele. Ya taa hukauka kwa dakika chache chini ya taa ya mawimbi ya nanomita 365 hadi 405, ikiwa tabaka ni jembamba na glita si nzito kiasi cha kuzuia mwanga. Zote mbili zikiwa mbichi zinaweza kuifanya ngozi iwe na mzio, na mzio huo ukishaanza haukuachi. Vaa glavu za nitraili, fungua madirisha, na watoto wakae mbali. Epoksi iliyo juani hugeuka njano; rangi ya kucha nayo, na vanishi ya mbao yenye mafuta huanza na unjano tangu kopo linapofunguliwa.

Ningechagua hivi

Kadi ya mwaliko au ya Idi, itakayosomwa, ikasimamishwa kabatini, ikahifadhiwa kwa muda: chapisha kwa leza kwenye manila, jina ulifunike kwa Glossy Accents. Kama kadi ni 300 na bajeti ni ya kamati ya harusi, tumia gundi nyeupe tabaka mbili nyembamba, uzipange wima kwenye boksi na karatasi ya kuokea katikati. Usizilaze moja juu ya nyingine.

Kazi ya watoto darasani: gundi nyeupe, basi. Inaoshwa kwa maji ikiwa mbichi, haina harufu kali, na glita inashika.

Albamu: Glossy Accents kwa matone madogo yaliyo ndani ya fremu, au usitune kabisa, pitisha gundi nyeupe nyembamba kushikisha na mng'ao uuache kwa glita yenyewe.

Shanga za karatasi, zile ambazo akina mama wa Uganda wamezifanya zijulikane duniani kwa kuviringisha vipande vya pembetatu: hapa vanishi ndiyo mshindi. Shanga hukaa shingoni, hukutana na jasho, na gundi nyeupe ikiachwa juu italainika. Gundi nyeupe iwe ndani, ya kufunga mkia wa karatasi. Nje iwe vanishi, tabaka kadhaa, shanga zikining'inia kwenye uzi zisigusane. Unjano kidogo wa vanishi juu ya karatasi za rangi hauonekani.

Picha ya zamani ya studio, ile ambayo ni moja tu na waliomo wengine wametangulia mbele ya haki: usiweke gundi yoyote kati ya hizi. Uso wake ni jelatini, unavimba kwa maji, na hakuna njia ya kurudi nyuma. Kuna kipimo cha kimataifa, ISO 18916, kinachopima kama karatasi au gundi itaidhuru picha kwa muda mrefu, na hata iliyofaulu mimi siimimini juu ya uso wa bibi yangu. Itoe nakala, nakala ndiyo uing'arishe upendavyo. Ya asili ishike kwa pembe nne za karatasi, uibandike pembe peke yake kwenye ukurasa, ili siku mjukuu akitaka kusoma mwandiko wa nyuma aweze kuichomoa.